Zana za kulipia zimehamia Linux. Tupige vigelegele?

Hii ni hotuba niliyoitoa hapa Moshi mbele ya vijana wanaoandika programu, wenye vibanda vya kompyuta, na wahasibu wachache wa vyama vya ushirika. Wenzetu wa Arusha wengi mvua iliwakwamisha njiani, wakaomba niiweke yote hapa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, hazikuwa na jipya. Maneno ni yale yale, na mizaha yake.

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, habari za mchana? Mliosimama mlangoni ingieni, viti vya mbele havina mwenyewe. Najua kwetu kiti cha mbele ni cha mgeni rasmi, ila leo mgeni rasmi hayupo. Tupo sisi na hii printa.

Mnaiona? Epson LX-300, ile ya sindano. Ikianza kuchapa inalia kama cherehani iliyokosa mafuta. Nimetoka nayo Majengo kwa daladala, nimeipakata, na konda kanitoza nauli ya watu wawili. Nikamwambia huyu ni mzee, wazee wana heshima zao. Akacheka, lakini hela hakurudisha. Ikae hapo mezani, tutaifikia.

Nimeitwa nizungumzie jambo ambalo vijana mnalijadili sana siku hizi. Kampuni zilizokuwa zikiuza zana za kuandikia programu kwa ajili ya Windows peke yake zimezileta zana hizo Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta usio wa Windows, nyingine kwa bei, nyingine bure, nyingine na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, umeanikwa kila mtu auone. Kuna kijana kaniandikia: "Kaka, vita imekwisha, tumeshinda." Tumeshinda? Nani kashinda, na kashinda nini?

Sikuja kuwazimia ngoma. Ila mimi nilishapiga vigelegele kwa habari kama hii hii mwaka 2001, na nilivipiga mapema. Kwa hiyo leo nina swali moja tu, na nitalisema sasa hivi ili hata atakayetoka kupokea simu asilikose. Siku mwenye zana atakapochoka, sisi tunabaki na nini mkononi? Uzuri wa zana weka pembeni, bei nayo weka pembeni. Akichoka, tunabaki na nini?

Wangapi hapa walisoma Pascal, ile lugha ya kuandikia programu? Inueni mikono. Naona mvi. Namwona na mwalimu wangu pale, shikamoo mwalimu. Basi ninyi mnaijua kampuni ya Borland. Mwaka 1983 walitoa Turbo Pascal kwa dola 49.95, wakati kompaila za wenzao zilikuwa za mamia ya dola. Vijana, kompaila ni ile programu inayoyageuza tuliyoyaandika yawe kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Aliyeiandika ni Mdenmark mmoja, Anders Hejlsberg. Lishikeni jina hilo, huyu bwana atarudi kabla sijakaa. Februari 1995, tena siku ya wapendanao, ikatoka Delphi, zana yao ya kuandikia programu kwa Pascal, na msanifu wake mkuu alikuwa yeye. Unakokota kitufe, unakiweka kwenye fomu, unakibofya mara mbili, unaandika mistari mitatu, tayari una programu. Tuliipenda kama mtu anavyopenda. Lakini ilikuwa ya Windows tu. Ukitaka Linux, kalale.

Halafu mwaka 2001 Borland wakaleta Kylix, yaani Delphi ya Linux. Kylix kwa Wagiriki wa kale ni kikombe cha kunywea divai. Sisi tungesema kata ya mbege. Kulikuwa na toleo la bure kwa wanaoandika programu huria, zile ambazo msimbo wake ni wazi kwa wote, na toleo la wanaofanya biashara lilianzia dola 999. Hapo ndipo nilipopiga vigelegele. Nikawaambia watu: mnaona? Wakubwa wamekuja kwetu.

Walikuja, ndiyo, ila walikuja na jiko lao mgongoni. Lile dirisha la kuandikia programu halikuandikwa upya kwa ajili ya Linux. Lilikuwa lile lile la Windows, likiendeshwa juu ya maktaba, yaani vipande vya msimbo vilivyo tayari kutumiwa, za Wine, yule mkalimani anayeifanya Linux ijifanye Windows. Na watu wa Linux nao walikuwa na kompaila ya gcc, isiyowadai hata senti. Dola 999 watoe za nini? Wanunuzi hawakutosha. Kylix 2 ikaja, Kylix 3 ikaja mwaka 2002. Kylix 4 je? Mimi bado naisubiri. Mwenye kuiona anipigie.

Hawakuja kumfukuza mtu, hawakutangaza matanga. Walichoka tu. Na kwa kuwa msimbo ulifungiwa kwao, aliyejenga biashara yake juu ya Kylix alibaki na kikombe kisicho na mtu wa kukiziba kikitoboka. Linux zikaendelea kubadilika kila mwaka, maktaba za chini zikabadilika, na yeye hana pa kushika. Delphi yenyewe ikahama mikono: mwaka 2008 kitengo hicho cha Borland kikanunuliwa na Embarcadero. Hao ndio walioirudisha Linux, kwa toleo la 10.2 mwaka 2017, kwa programu za seva. Hesabuni wenyewe: 2002 hadi 2017. Mtoto aliyezaliwa Kylix 3 inatoka alikuwa yuko sekondari.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo ilipo hotuba yenyewe, kwingine kote ni kitoweo.

Borland huyo huyo, mwaka mmoja kabla ya Kylix, alifanya jambo jingine. Alikuwa na hifadhidata yake, InterBase. Mwaka 2000 akaumwaga msimbo wake hadharani, kwa leseni inayomruhusu yeyote kuuchukua, kuurekebisha na kuugawa. Watu wakauchukua, wakaupa jina jipya: Firebird. Baadaye Borland akabadili mawazo, akarudi kuiuza InterBase kama zamani, mlango umefungwa. Je, Firebird ilikufa? Ingekufaje? Alichokwisha kukigawa kwa leseni ile hakuna wa kumnyang'anya mtu. Toleo la 5 la Firebird lilitoka Januari 2024. Nyumba moja, mzazi mmoja, watoto wawili wamepishana mwaka. Mzazi alipochoka, mmoja alikuwa na cheti chake mkononi, mwingine cheti kilifungiwa kabatini kwa mzazi.

Waliokulia migombani mnaujua mfongo, ule mtaro wa kumwagilia mashamba. Maji yanatoka juu kabisa, yanapita shamba hadi shamba, kila mtu na zamu yake. Ukibomoka nani anaujenga? Wanaoutumia. Asiyefika siku ya kuzibua anatozwa. Mzee aliyeuchimba kafa zamani, wengine hata jina lake hatulijui, na maji bado yanapita. Sasa linganisha na mpira wa maji uliovutiwa kutoka bombani kwa jirani. Maji masafi, tena yana nguvu kuliko ya mfongo, sibishi. Jirani akihama? Jirani akikasirika? Kylix ulikuwa mpira. Firebird ni mfongo. Mkinialika tena mwakani nitasema haya haya.

Sasa printa. Mwalimu, nilijua utaiulizia.

Mwaka 2004 chama kimoja cha msingi cha kahawa huko juu, jina nalihifadhi, kiliniomba niwaandikie programu ya mizani. Mnajua kazi yenyewe: mkulima anashusha kahawa yake ya maganda, karani anapima, anaandika kilo kwenye daftari, anatoa stakabadhi. Jioni jumla ya daftari na jumla ya stakabadhi haziongei lugha moja, na kila mtu anamtazama karani. Nikaandika kwa Delphi 7, juu ya Windows 98, data nikaiweka kwenye Firebird, ila majina ya vijiji na bei za msimu nikayaacha kwenye faili za kawaida. Stakabadhi ilitakiwa nakala mbili, ya juu ya mkulima, ya chini ya chama. Ndiyo maana ya printa hii: sindano inagonga, kaboni inashika, nakala zote mbili zinatoka kwa pigo moja. Printa ya wino haiwezi kazi hiyo hata uibembeleze.

Ilifanya kazi misimu mitano. Mwaka 2009 flashi moja ikapita mjini, ikarudi juu na virusi, Windows ikaanguka chali. Wakati huo huo chama kikapewa kompyuta tatu za msaada, zote zina Ubuntu, aina moja ya Linux. Mwenyekiti akaniuliza, "Kijana, ile yetu itaingia humu?" Nikamjibu, "Kesho asubuhi, mzee."

Kesho hiyo ilichukua siku kumi na moja.

Ningekimbilia Kylix, lakini ilikuwa imeshatelekezwa miaka saba. Nikakimbilia Free Pascal, kompaila huria iliyoanzishwa mwaka 1993 na mwanafunzi wa Kijerumani, pamoja na Lazarus, kiwanja chake cha kuandikia kinachofanana na Delphi hadi vitufe. Jina lile si bahati mbaya. Mradi uliokuwepo kabla yake ulikufa, huu ukainuka juu ya kaburi lake. Wana Moshi, Lazaro hamhitaji kuelezwa.

Data ilihama kwa nusu saa. Firebird haikujali iko Windows au Linux, ikainuka kama imelala kwake. Kilichonitoa jasho ni kodi, yaani msimbo, niliyoiandika mwenyewe, na hapa sisemi kodi ya TRA. Nilikuwa nimeandika "C:\KAHAWA" kila mahali. Hiyo ni anwani ya folda kwa Windows. Linux haina diski ya C, na mkwaju wake, ile alama ya mshazari kwenye anwani, unaegemea upande mwingine. Sehemu moja niliita faili "Vijiji.txt", sehemu nyingine "VIJIJI.TXT". Kwa Windows hilo ni faili moja. Kwa Linux hayo ni mafaili mawili yasiyojuana, na programu ikawa inafunguka vizuri kabisa, kijiji hata kimoja hakuna. Karani akaniambia, "Umetufuta wote."

Na printa ikakataa. Kwenye Windows nilikuwa naandika moja kwa moja kwenye LPT1, mlango wa printa. Kwenye Linux mlango huo unaitwa /dev/lp0. Nikabadilisha. Kimya. Nikakagua waya, nikakagua utepe wa wino, nikaizima nikaiwasha, nikamlaumu fundi umeme. Siku mbili nzima! Kumbe yule mtumiaji niliyemfungulia karani hakuwa kwenye kundi la lp, yaani hakuwa na ruhusa ya kuandika kwenye mlango wa printa. Amri moja, karani akatoka akaingia tena, printa ikalia. Sijawahi kusikia kelele tamu namna ile.

Kwa nini nawasimulia uzembe wangu? Kwa sababu matangazo yanasema "andika mara moja, endesha popote", na vijana wanaamini. Kampuni ya Sun walilisema hilo kuhusu lugha yao ya Java tangu miaka ya tisini. Zana inaweza kuvuka mifumo yote mitatu, Windows, Linux na Mac. Kama wewe umeandika C:\KAHAWA, umebaki ng'ambo.

Haya, Microsoft. Mmenisubiri hapa, najua.

Mwaka 2001, mwaka ule ule wa Kylix, bosi wa Microsoft wa wakati huo, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani. Hadharani. Sasa lirudisheni lile jina niliwaambia mlishike. Anders Hejlsberg aliondoka Borland mwaka 1996 akaenda Microsoft, na huko akaongoza kutengeneza lugha ya C#. Aprili 2014, mbele ya ukumbi uliojaa waandishi wa programu, huyu bwana alisimama na kompyuta yake jukwaani, akabofya, na msimbo wa kompaila ya C# ukawa wazi kwa dunia hapo hapo, watu wakishangilia. Novemba mwaka huo wakatangaza kwamba kiini cha .NET, msingi wao wa kujengea na kuendeshea programu, kitakuwa huria na kitaendeshwa Linux na Mac. Mwaka 2016 .NET Core 1.0 ikatoka. Hata SQL Server, hifadhidata yao, ikahamia Linux mwaka 2017. Walioiita Linux saratani sasa wanaigawa wenyewe.

Mioyo imelainika? Mimi siamini katika mioyo ya kampuni. Zamani walikuwa wanauza majembe. Leo wanakodisha mashamba, yaani seva zao za Azure, na wapangaji wengi wa mashamba hayo wanalima kwa Linux. Mwenye shamba la kukodisha ana sababu gani ya kukukataza jembe? Anakupa bure, ili mradi ulime kwake. Hiyo ni biashara, na mimi sina ugomvi nayo. Nataka tu tuione ilivyo.

Basi tuwapime kwa swali letu. Wakichoka kesho, tunabaki na nini? Kwa .NET tunabaki na mengi: msimbo upo wazi, leseni yake ni MIT, unaruhusiwa kuuchukua ukaenda zako. Na ulishapimwa. Oktoba 2021 waliondoa kwenye msimbo ule kipengele kimoja kinachokuwezesha kubadilisha programu huku inaendelea kukimbia, wakitaka kibaki kwenye Visual Studio, zana yao ya kuandikia programu iliyo ya Windows. Watu wa mfongo walitoka na majembe! Siku chache tu, kipengele kikarudishwa, na samahani juu. Msimbo ungekuwa umefungwa, nani angejua kimeondolewa?

Lakini msilale. Hii Visual Studio Code ambayo nusu yenu mmeifungua sasa hivi badala ya kunitazama, msimbo wake uko wazi, kweli. Ile unayoipakua kwao ikiwa tayari imefungashwa ina leseni nyingine, na baadhi ya viongezwa vyake, kama kile cha kufuatilia makosa ya C#, huruhusiwi kuvitumia kwenye zana za wengine. Kwenye mtaro ule ule kuna kipande cha mfongo na kipande cha mpira, vimeunganishwa vizuri mpaka hauoni kiungo. Kiungo kitafuteni. Kimeandikwa kwenye leseni, na leseni ni kurasa mbili tatu tu, mnasoma mikeka ya kubeti mirefu kuliko hiyo.

Wapo pia walioandikiana mapema, na hao nawapenda. Wanorwe wa Trolltech, wenye Qt, maktaba ya kujengea madirisha ya programu, mwaka 1998 waliwekeana mkataba na watu wa KDE, mradi huria unaoitegemea Qt kwa madirisha ya Linux: siku tukiacha kutoa Qt huria, ninyi mna haki ya kuitoa kwa leseni iliyo wazi zaidi. Tangu hapo Qt imepita kwa Nokia, ikapita kwa Digia, na haijazimika. Na mnajua vidirisha vya programu za Kylix vilijengwa juu ya nini? Qt! Kikombe kilikufa, meza iliyowekewa ipo hadi leo.

Kuna mmoja ataniambia: mzee, haya yote ya nini, si tunakraki tu, tunavunja kufuli la leseni tukatumia bure?

Nilikuwa huko. Nakiri mbele yenu na mbele ya mwalimu: ile Delphi 7 yangu ilitoka kwenye sidii ya mtaani. Mwaka 2012 nilipanda Coaster kwenda Arusha na shati limepigwa pasi, kuna taasisi moja ilitaka programu ya stoo. Onyesho likaenda vizuri, wakubwa wakatikisa vichwa. Halafu afisa manunuzi, dada mmoja mpole kabisa, akafungua faili lake akauliza, "Na risiti ya leseni ya zana uliyotumia, umekuja nayo?" Nikasema nimeisahau Moshi. Akasema hamna shida, itume. Kutoka stendi ya Arusha mpaka Boma Ng'ombe sikusema neno na mtu. Kazi ile ningeweza kuiandika kwa Lazarus, nilikuwa nayo kwenye kompyuta hiyo hiyo. Niliona tu kwamba ya bure haina hadhi ya kupelekwa Arusha.

Na hapo nisieleweke vibaya: kulipa si dhambi. Kama Delphi halali inakuokolea miezi miwili na mteja analipa vizuri, inunue, ingawa toleo la kitaalamu linapita dola elfu moja, bei ya kukaribia bodaboda mpya. Nunua, ukijua umenunua maji ya bomba la jirani, na data ya mteja uiweke mahali ambapo jirani hana funguo.

Nimeongea sana na chai inapoa. Maswali tutayachukulia pale nje. Kabla ya hapo, hii laptopu ina Linux, na ndani yake kuna programu ile ile ya kahawa, nimeikompaili upya leo asubuhi. Karatasi ya nakala mbili imebaki ya kutosha stakabadhi kama ishirini. Wewe kijana wa mlangoni, uliyekataa kukaa, njoo. Umeleta kilo ngapi? Thelathini na saba na nusu? Haya, bonyeza hapo, na mliokaa karibu zibeni masikio.